Siku Goti Langu Lilipozinduliwa

Jana usiku ndoto ilinikuta nimeshaondoka. Nimekaa juu ya lori la viazi, begi mapajani, upepo unanipiga kisogoni, na mji niliolala wiki nzima unazidi kuwa mdogo nyuma yetu. Sikuuaga. Mimi miji siiagi, naiacha ikishughulika na mambo yake.

Tulipofika kwenye mteremko, goti langu la kushoto likafunguka. Halikuuma. Nati moja ilijizungusha yenyewe, ikatoka, ikaangukia kwenye gunia, na mguu kuanzia hapo kwenda chini ukawa unaning'inia kama mkono wa koti.

Dereva akasimamisha lori. Akapanda juu, akaitafuta nati katikati ya viazi, akaipuliza vumbi, akanipa.

"Mzee wangu, lori hili halibebi abiria aliyepungua," akasema. "Shuka hapo chuoni. Wana karakana ya ubunifu, wanafunzi wanatengeneza kila kitu. Nitakusubiri mpaka viazi vichipue. Vikichipua naondoka, maana nikizidi hapo nitakuwa nimebeba shamba, na leseni ya shamba sina."

Niliona anasema haki. Nikashuka kwa mguu mmoja na nusu.

Getini alikuwapo mlinzi mmoja, Sanga, ameshika kile kirungu cha kukagulia watu wenye vyuma. Juu ya kichwa chake pameandikwa: HAKUNA KUINGIA BILA WAZO.

"Shikamoo mzee. Wazo liko wapi?"

"Marahaba. Wazo gani?"

"La kuingilia." Akanipitishia kirungu utosini. Kimya. Akakishusha sikioni, kikalia kidogo. "Hapa kuna kitu."

"Hiyo ni malaria ya zamani."

"Na mfukoni?"

"Tumbaku."

"Mzee, usinicheleweshe. Umekuja kufanya nini?"

"Nati ya goti imefunguka. Nataka mtu mwenye spana aikaze, nirudi kwenye lori kabla viazi havijachipua. Basi."

Sanga alirudi nyuma, akavua kofia, akaibana kwapani. "Ala! Kumbe wewe huna wazo. Wewe una tatizo!"

"Ndiyo, ninalo."

"Sasa si ungesema! Wenye tatizo wanapita mlango wa waheshimiwa."

Geti likajifungua, zulia jekundu likatoka kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari. Nikalipanda.

Ninaingia. Mahali hapa ni kantini, nasikia harufu ya maharage. Nageuza shingo, si kantini tena, ni ukumbi mkubwa wenye taa nyeupe, na harufu ya maharage imebaki peke yake, haijui pa kwenda. Mashine zimepangwa ukutani mpaka mwisho wa macho, na kila moja ingali ndani ya nailoni iliyokuja nayo, kama makochi ya watu wanaosubiri mgeni toka waoane.

Iliyo karibu na mlango ni ile mashine ya kuchapa vitu. Ukiipa picha ya kikombe, inakutolea kikombe. Nailoni yake inapanda na kushuka. Inapumua kwa shida.

"Shikamoo," ikasema.

"Marahaba. Unafanya nini humo?"

"Namsubiri mgeni rasmi. Bila yeye sivuliwi."

"Unamsubiri toka lini?"

"Toka nitoke kwenye boksi. Boksi lenyewe lilishazeeka likafa."

"Na kazi unaijua?"

"Sijui, sijawahi kuifanya. Ila picha nimepigwa sana. Nimeshikwa bega na watu wakubwa wewe!"

Ubao wa matangazo ukakohoa. Ni ubao mnene, umevaa kioo, na unapenda kusikilizwa.

"Taarifa za wiki," ukasema. "Jumatatu, mafunzo ya usalama wa mashine zisizowashwa. Jumanne, mashindano ya kueleza kitu ambacho ungekitengeneza kama ungeruhusiwa. Jumatano, kupiga picha na mashine. Kila mmoja aje na fulana. Alhamisi, tathmini ya picha. Ijumaa hakutakuwa na shughuli, kwa kuwa karakana itakuwa inasafishwa kwa ajili ya shughuli."

"Na Jumamosi?" nikauliza.

Ubao ukapunguza sauti. "Jumamosi tunafunga kabisa. Kuna wanafunzi wana tabia ya kuja kutengeneza vitu."

Hapo akatokea mratibu wa karakana, Dokta Lutengano. Amevaa koti, juu ya koti fulana ya karakana, beji shingoni, na kwenye beji hiyo kuna picha yake akiwa amevaa beji. Alinikumbatia mpaka mguu ukabembea.

"Changamoto!" akapiga kelele.

"Hapana, mimi naitwa..."

"Changamoto ya jamii! Wanangu, njooni mwone, imekuja yenyewe kwa miguu yake!" Akanitazama chini, akajisahihisha. "Kwa mguu wake. Mzee wangu, muhula wa pili huu tunakusaka. Tumepeleka vijana sokoni, stendi, mpaka mochwari. Kila wanayemuuliza ana changamoto gani anajibu anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Unafanyaje kazi na jamii ya namna hiyo?"

Nikamwambia pole.

Wanafunzi wakanizunguka. Wamebeba vikaratasi vya rangi vyenye gundi nyuma, na kabla sijasema lolote wameshaanza kunibandika. Cha njano shavuni: MTUMIAJI. Cha kijani tumboni: SOKO. Cha waridi gotini: HURUMA. Hicho cha waridi hakikushika, kikaanguka, wakakiokota wakakibandika tena, kikaanguka tena, wakakiacha.

"Kundi la kwanza," akaamuru Dokta.

"Sisi tunapendekeza programu ya simu," akasema kijana mmoja, "itakayomkumbusha mzee kila asubuhi kwamba hana goti."

Makofi.

"Kundi la pili."

"Sisi tumeona tatizo si goti, tatizo ni kutembea. Tunapendekeza kampeni."

Makofi tena, na mmoja akafuta chozi.

Kutoka nyuma akapenya binti mdogo, mwaka wa kwanza, sweta lake lina grisi mpaka kwenye kola. Wenzake wakamkwepa, kila mmoja analinda fulana yake.

"Shikamoo babu. Naitwa Tusekile. Hebu nione." Akapiga magoti, akaushika mguu wangu kama mtu anayechagua nyanya. "Nati unayo?"

Nikafungua kiganja.

"Aa, hii si ya kuundia kamati. Inataka spana tu. Nipeni ile pale ukutani."

Wote wakageukia ukuta. Spana zimetundikwa ukutani, kubwa mpaka ndogo kama familia kwenye picha, na kila moja imelala ndani ya nailoni yake.

"We Tusekile," akasema Dokta taratibu, "umeshashindwa?"

Alionyesha ukuta kwa kidole. Palikuwa na maandishi makubwa kuliko mlango: KUSHINDWA NDIYO HATUA YA KWANZA.

"Sijashindwa, Dokta. Sijaruhusiwa kujaribu."

"Hatua hairukwi. Nenda dirishani ukashindwe kwanza, uje na mhuri."

Dirisha la Kushindwa lilikuwa na nondo kama la mhasibu, na foleni yake ilizunguka nje ya jengo ikaingilia mlango wa nyuma. Tusekile alipolifikia, dirisha likamwambia achore duara. Akachora.

"Zuri mno," dirisha likasema. "Rudi nyuma ya foleni."

Akarudi. Akachora kwa mkono wa kushoto. Likatoka zuri zaidi.

"Unanidharau, siyo? Nyuma!"

Mara ya tatu aliyekuwa nyuma yake alipiga chafya, akamsukuma, mstari ukaenda zake hadi ukingoni mwa karatasi. Dirisha likalia kwa furaha. Likampiga mhuri katikati ya paji la uso: AMESHINDWA.

Wakati huo mimi natazama nje. Lori lipo. Viazi vimeanza kutoa vidole vyeupe, na honi ya dereva inalia kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Dokta Lutengano akaniketisha. Kiti kilikuwa kile cha meza kuu, kimevishwa kitambaa cheupe na utepe wa hariri mgongoni. Kikanishika kiuno.

"Mimi ni laini," kikasema.

"Nimeona," nikajibu.

Dokta akavuta stuli, akasogea mpaka nikaona vinyweleo vya sikio lake. "Mzee wangu, tuongee kiutu uzima. Huyu binti ana haraka, ni mtoto. Akikukaza nati, wewe unapona. Sawa? Ukishapona, unaondoka. Ukishaondoka, sisi tunabaki na nini?"

"Na mashine."

"Mashine za kutatulia nini?"

Nikazitazama zile nailoni.

"Ndiyo hapo! Karakana bila changamoto ni stoo. Wafadhili watakuja watauliza, mzee yuko wapi? Niseme nini? Niseme tumemmaliza?" Akaniwekea sahani ya pilau magotini, yaani gotini, na soda baridi pembeni. "Kaa. Kila muhula tunazindua, na kila tukizindua ni pilau. Mwaka juzi hapa paliitwa Kitovu, mwaka jana Atamizi, mwakani patakuwa Jukwaa. Wewe kazi yako ni kukaa na kuning'iniza mguu. Unajua ni watu wangapi wazima wanatamani nafasi hii?"

Nikala kijiko cha kwanza. We acha tu. Nimekula misibani, nimekula magerezani, nimekula kwa watu walionidhania ni ndugu yao, lakini pilau ile ilikuwa na nyama kila kijiko. Kiti kikanikumbatia zaidi. Nikajisikia kisogo kinazama kwenye kitambaa, na nikawaza, mimi hasa nilikuwa naenda wapi? Nikatafuta jibu, nikaona halipo. Honi ikalia. Haikubisha hodi safari hii.

"Na ukisinzia ni vizuri zaidi," Dokta akanong'ona. "Inagusa."

Ghafla ving'ora. Mgeni rasmi amefika!

Watu wakasimama. Kikundi cha ngoma kikatoka ndani ya kabati. Gari jeusi likaingia ukumbini, mlango ukafunguliwa, na hakushuka mtu. Ilishuka Hotuba. Mgeni rasmi amepata udhuru, akatangaza mshereheshaji, na ametuma Hotuba imwakilishe. Ilikuwa ndefu, kurasa zake zimebanwa pembeni, imevaa suti na tai, na ilitembea kwa kunesanesa kwa sababu ya upepo wa feni.

"Itifaki imezingatiwa," ikasema.

Makofi.

"Kabla ya yote, itifaki imezingatiwa. Na kwa kuwa itifaki imezingatiwa, naomba nianze kwa kuzingatia itifaki."

Watu wakakaa. Mwenye kitambaa cha jasho akakitoa. Ilionekana wazi tumeingia msimu wa mvua, mvua ya maneno.

Mezani mbele yangu palikuwa na sinia, juu ya sinia mto mdogo wa mahameli, juu ya mto mkasi. Ulifungua mdomo mara moja, ukaufunga.

"Mzee," ukaniambia kwa chini, "unajua mimi nani?"

"Mkasi."

"Mimi ndicho chombo pekee kilichowahi kufanya kazi humu ndani. Nakata utepe kila muhula. Wale wengine wote," ukaashiria mashine kwa ncha, "ni bikira. Nimechoka, mzee wangu. Nakata hewa iliyofungwa rangi. Nakufa sijakata kitu."

"Basi kuna nailoni pale ukutani," nikasema. Pilau ilikuwa bado mdomoni.

Tusekile alikuwa amechutama nyuma ya kiti, mhuri usoni. Amesikia. Akanyoosha mkono, akachukua mkasi, akajipenyeza ukutani.

Krrrrr.

Sauti hiyo hamkuisikia ninyi. Nailoni ikikatwa kwenye ukumbi uliojaa viongozi hulia kama kitu kilicho hai. Mashine zote zilipiga chafya kwa pamoja, nailoni zao zikachanika. Hotuba ikapoteza mstari. Spana ikafumbua jicho, ikajinyoosha.

"Mgeni kafika?" ikauliza.

"Kafika," akasema Tusekile, akaibeba.

Alinikaza nati haraka, ulimi nje, mizunguko mitatu mikubwa na mmoja wa kuhakikisha. Nikasimama. Mguu ukashika. Nikapiga hatua kwenda mbele, nikajikuta nimeenda nyuma.

Tukatazamana.

"Babu, nimeligeuza," akasema. "Goti limekaa nyuma mbele. Jamani! Sisi tumejifunza kwa projekta, na projekta yetu inaonyesha kila kitu kinyume. Keti nilifungue nilirudishe."

"NANI KAMTATUA?" Ni Dokta Lutengano. Uso wake umeloa. "Nani kamtatua mzee wangu bila uzinduzi?"

Vikaratasi vikaanza kunibanduka kimoja kimoja.

Hotuba ikaokoa jahazi. Ikafunua ukurasa, ikasema kitu kilichotengenezwa kabla ya kuzinduliwa hakijatengenezwa, hivyo goti lizinduliwe hapo hapo, kisha itaamuliwa kama limepona. Wakanifunga utepe mwekundu gotini, fundo mbele, ambayo sasa ilikuwa nyuma. Wapiga picha wakalala chini. Wakaitisha mkasi.

"Sitaki," ukasema mkasi kutoka mfukoni mwa Tusekile. "Leo nimefanya kazi. Siwezi kurudi kwenye maigizo."

Hotuba yenyewe haina mikono. Dokta akajaribu kwa kucha, akashindwa. Na dirishani naona viazi vimefunika lori kwa majani, dereva amewasha injini, moshi mweusi unapanda. Kiti kinanivuta shati. Pilau inatoa mvuke.

Niliinama, nikauma utepe, nikaukata kwa meno.

Makofi hayajawahi kupigwa vile. Ngoma ikalia, wote wakatazama kamera, na walipotazama kamera mimi nikaanza kuondoka.

Naondoka kinyumenyume. Miguu inanibeba kwenda ninakotaka na macho yamebaki kule. Katika maisha yangu nimeacha watu wengi, ila sijawahi kuona wanavyoonekana ninapowaacha. Sasa nawaona wote: Dokta amekishika kiti kitupu kama mfiwa, Sanga amerudisha kofia kichwani, mashine zinatetemeka kwa baridi, na Tusekile anakimbia kwenye zulia, spana juu.

"Babu! Rudi nikugeuze! Ni dakika moja tu!"

"Nikirudi nitakaa!"

"Sasa utatembeaje hivyo?"

"Nitauliza njia!"

Anasimama. Anapunga spana. Nikampungia mpaka mgongo wangu ukagonga lori.

"Unakuja au unakwenda?" dereva akaniuliza.

"Endesha tu," nikasema, nikapanda kwenye majani.

Nikaamka. Ni gesti, ukuta wa bluu, jua limeshaingia. Nikahisi kitu kinanikera kwenye yale magego mawili niliyobakiwa nayo upande wa kulia. Nikaingiza ukucha, nikavuta. Uzi wa hariri, mwekundu, urefu wa kidole. Nimemwonyesha mama mwenye gesti, Mama Atupele, akasema nisimletee uchawi asubuhi, chai iko jikoni.

Chai ilikuwa haijachemka, nikasinzia kidogo mezani, ndipo nikapata habari za waliobaki.

Tusekile aliitwa kwenye kamati ya nidhamu kwa kosa la kuchana nailoni. Alipewa onyo na, mchana wake, cheti cha ushiriki. Vyote viwili vina sahihi ya mtu mmoja.

Projekta haijageuzwa.

Spana haikurudi ukutani. Mara ya mwisho ilionekana bwenini kwa wasichana ikifungua bomba, imechubuka, ina afya.

Mkasi umeacha kazi. Unakata nywele sokoni.

Mashine ya kuchapa vitu nailoni yake ilizibwa kwa gundi ya karatasi, ikapigwa picha.

Hotuba bado iko kwenye itifaki. Wasikilizaji wawili wamestaafu.

Sanga alipata wazo, kirungu kikalia, akazuiwa kutoka nalo.

Mimi nilikunywa chai, nikashuka ngazi za gesti kinyumenyume, mkono ukutani, bila kujikwaa. Mama Atupele alinitazama mpaka chini.

Dokta Lutengano amepandishwa cheo, sasa anaratibu karakana mbili ambazo hazijafunguliwa. Kiti chake hakipo kitupu. Wamepata mzee mwingine, yeye tatizo lake ni mgongo.